Masaa Manne ya Fundi Dakika

Mtaani hapakuwa na aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Dakika, na sifa hiyo hakuiokota njiani. Ukimpelekea saa ya mkono inayochelewa, hakupi siku hiyohiyo hata umlilie. Ataifungua, ataisafisha, ataifunga, kisha ataitundika kwenye msumari siku tatu, akiilinganisha na saa kubwa ya ukutani asubuhi, mchana na jioni. Ikizidi au ikipungua nusu dakika, inarudi mezani. Watu walinung'unika kwamba fundi wa sokoni anamaliza kabla chai haijapoa, lakini saa zao waliendelea kuzileta kwake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye chumba hichohicho cha duka, karibu na mlango. Mlango huo haukufungwa akiwa ndani, mvua inyeshe, vumbi liingie. Sababu yake kila mtu aliijua. Miaka sita nyuma alikwenda kupima sare za makarani kwenye jengo moja refu, lifti ikakwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, taa ikazimika, naye ndani peke yake na utepe wa kupimia shingoni. Aliingia saa nne asubuhi, akatolewa saa nane mchana. Akashuka ghorofa zote kwa ngazi, na tangu siku ile mteja wa ghorofani akitaka kupimwa anashuka mwenyewe chini.

"Masaa manne nayajua," alizoea kusema. "Niliyakaa na sikufa. Ya tano siijui, wala sitaki tujuane."

Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameolewa mbali. Si mbali ya kuvuka mto. Mbali ya kuvuka bahari na nusu ya dunia. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wake umekaribia, na mume wake, kijana mwema asiye na neno, alikuwa hajawahi kubeba mtoto mchanga hata wa jirani. Binti aliwaalika wazazi wote wawili. Fundi Dakika akajibu haraka kwamba yeye hawezi, saa za watu zitabaki na nani? Mkewe alimtazama tu. Alimjua mumewe. Huyu ndiye bwana aliyeitwa kutengeneza saa ya mnara wa sokoni, akafika chini ya ngazi, akaiangalia ngazi, kisha akatoa amri saa ishushwe. Wanaume wanane waliiteremsha kwa kamba, wakaiinua tena ilipopona, na fundi mwenyewe miguu yake haikuondoka ardhini.

Kwa hiyo aliyebaki ni mama. Na mama alisema jambo moja tu: nipigieni hesabu ya masaa, nikijua ni mangapi nitawajibu.

Hesabu ya masaa umpe nani kama si Fundi Dakika? Ukutani mwa duka, juu kabisa karibu na dari, palikuwa na saa ya binti. Aliitundika mkewe, maana fundi hakupita kipandio cha pili cha ngazi. Ilikuwa saa nyeupe ya duara iliyofuata majira ya huko aliko mtoto, na chini yake kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: BINTI, MBELE MASAA MATANO. Fundi aliirekebisha wiki ile binti alipofika ugenini miaka mitatu iliyopita. Mtoto alipiga simu ya video saa kumi jioni, baba akamuuliza huko ni saa ngapi, naye akajibu, huku akipiga miayo, kwamba ni saa tatu, karudi kazini, anakula kidogo alale. Nyuma yake chumba kilikuwa giza. Basi kumi hadi tatu ni masaa matano, watu wa huko wametangulia, na tangu hapo saa ile haikupotea hata dakika moja. Mama aliwahi kuuliza mbona mtoto anakula mkate na chai usiku badala ya chakula cha maana. Fundi akamwambia kila nchi na tumbo lake.

Tiketi ilipotumwa, duka la jirani liliichapisha kwenye karatasi fupi, ukingo wa kulia ukakatwa, maandishi ya pembeni yakapotea. Yaliyobaki yalitosha. Ndege moja kwa moja, inaondoka Jumamosi saa nne asubuhi, inatua huko saa moja jioni ya siku hiyohiyo. Fundi akavaa miwani, akaiangalia saa ya binti, akatoa matano. Saa moja jioni ya kwao ni saa nane mchana ya kwetu. Saa nne mpaka saa nane.

"Masaa manne," akatangaza. "Kama yale yale ya lifti, na humu kuna taa na watakupa chakula."

Mama alishinda siku nzima akishona na kufumua. Jioni akasema atakwenda. Tangu hapo ungemsikia akiwasimulia wateja safari yake kana kwamba yeye ndiye rubani: kilomita elfu kumi na tatu na mia nne, mkwe wake kamwambia, nazo ndege inazimaliza kwa masaa manne. Wateja waliguna kwa heshima. Hakuna aliyekuwa na mkanda wa kupimia anga.

Aliyekuja kuharibu mambo alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu mpole tu, aliyefuata saa yake Jumatano, siku tatu kabla ya safari. Mama alikuwa katoka kununua zipu. Mwalimu alikuwa amesikia habari ile mlangoni wiki iliyopita na, kama walimu walivyo, hakuweza kulala nayo. Aliuliza kilomita, akauliza masaa, akachukua kipande cha chaki cha mama kwenye meza ya kukatia nguo na kugawa.

"Kilomita elfu tatu na mia tatu na hamsini kwa saa," akasema. "Fundi, ndege ya abiria ikijitahidi sana ni mia tisa. Uliyomkatia mkeo si ndege, ni risasi."

Fundi alisema labda kuna upepo wa nyuma. Mwalimu akamjibu upepo wa namna hiyo ungekwisha ng'oa paa la duka, akavaa saa yake, akaenda zake. Fundi Dakika akabaki ameitazama saa ya binti. Mshale wa sekunde ulikuwa ukizunguka kwa adabu kama siku zote. Saa ya mishale ina namba kumi na mbili tu, wazo likamjia, na haisemi kama ni mchana au usiku. Tatu ya asubuhi na tatu ya usiku, mshale unakaa palepale.

Saa kumi jioni binti alipiga, kama kila Jumatano. Sura yake ilikuwa imejaa, chumba nyuma yake giza kama kawaida. Fundi hakuuliza hali wala tumbo.

"Fungua pazia," akamwambia.

Binti akashangaa, akauliza kuna nini. Baba akarudia. Mtoto akanyanyuka kwa shida, akalivuta pazia, na jua likamwagika chumbani mpaka simu ikawa nyeupe yote. Lilikuwa jua la asubuhi, bado changa. Huko ilikuwa ndiyo kwanza saa tatu ya asubuhi.

Hapo binti akainamisha kichwa. Akaeleza kwamba kazi yake kwenye ile nyumba ya kutunza wazee ilikuwa ya zamu ya usiku, tangu mwanzo, ndiyo maana akipiga simu alikuwa akirudi kulala na pazia kalifunga. Sasa yuko likizo ya uzazi, lakini mwili umezoea kulala mchana.

"Sikutaka mama ajue nakesha," akasema. "Angelia."

"Na mimi?"

"Wewe ungemwambia mama."

Hilo lilikuwa kweli, hana la kumlaumu. Alikata simu akakaa kwenye kiti chake kirefu akipiga hesabu mpya. Huko hawako mbele masaa matano, wako nyuma masaa saba. Saa moja jioni ya kwao ni saa nane ya kwetu, ndiyo, lakini nane ya usiku. Safari ni masaa kumi na sita. Alikuwa amekosea nusu siku nzima, na kwa miaka mitatu saa ile ilikuwa sahihi kila dakika. Kinyozi hajinyoi, walisema wazee, na fundi saa naye hajui ni saa ngapi.

Kosa lenyewe lingemchekesha lingekuwa la mtu mwingine. Kilichomkaba ni mkewe. Akimwambia, mama haendi, na mtoto atajifungua ugenini bila mtu wa kumshika mkono. Asipomwambia, mama atapanda akiwa amejiandaa kwa masaa manne. Shetani alimnong'oneza kwamba mlango wa ndege ukishafungwa basi, atafanya nini, atashuka? Na palepale fundi aliona aibu, aibu ya kweli iliyompanda mpaka masikioni. Mke ambaye hajafunga mlango miaka sita, yeye amfungie mlango kwa hila, halafu saa ya tano imkute huko juu akiwa peke yake. Hata saa ya mteja asiyelipa hakuwahi kuirudisha akijua ina kasoro.

Mama aliporudi na zipu zake, alikaa akaendelea na kishati kidogo cha mjukuu, cha njano kwa sababu hawakujua ni wa kike au wa kiume. Fundi alimweleza yote mfululizo, kosa la saa, pazia, zamu za usiku, kumi na sita. Cherehani ikanyamaza. Mama akauliza kwanza kuhusu binti, anakesha kwa nini, anavaa nini usiku kwenye baridi. Kisha akauliza tena, ni mangapi? Kumi na sita, akajibiwa.

"Ningejua nikiwa juu," akasema polepole.

"Ndiyo maana nakwambia ukiwa chini."

Hakumfokea. Afadhali angemfokea. Waliporudi nyumbani alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda na kuanza kutoa nguo, moja moja, akizikunja upya na kuzirudisha kabatini. Akamwambia mumewe ampigie mtoto amwambie haendi, na amwombe radhi, maana yeye hataweza kusema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyaficha. Alitaka kwenda. Fundi alikuwa hajaelewa mpaka wakati ule jinsi alivyotaka kwenda.

"Nipe siku tatu," akasema.

"Mimi si saa ya mkono, Bwana Dakika." Alimwita Bwana Dakika akimkasirikia tu.

"Najua. Nipe siku tatu hivyohivyo."

Chini ya meza yake ya kazi kulikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa saa ambazo wenyewe hawakuzirudia, wengine wamehama, wengine wamekufa, wengine wamenunua simu. Alhamisi asubuhi alichagua nne za zamani za kutiwa ufunguo, zisizojua betri. Saa ya namna hiyo ukiitia ufunguo mpaka mwisho inakwenda siku na nusu. Ukiizungusha kidogo, inakwenda kidogo. Kazi ni kujua kidogo hicho ni mizunguko mingapi, na kila saa ina tabia yake. Akaziosha, akazipaka mafuta, akaanza kuzijaribu. Ya kwanza ilisimama baada ya masaa matatu na nusu. Ya pili ilijitia kichwa kigumu ikapita matano. Alipunguza, akaongeza, akaandika kwenye karatasi: hii mizunguko mitatu na robo, hii minne kasoro. Wateja walirudishwa mlangoni. Mama alikuwa akimwona kwa pembe ya jicho, akijitia hamnazo na kishati chake cha njano.

Ijumaa, kabla ya saa nne asubuhi, alizipanga zote nne kwenye meza ya mkewe. Kila moja ilikuwa imetiwa ufunguo wa kutosha na kitufe chake kimevutwa nje ili isitembee. Akamwonyesha. Ukisukuma kitufe, saa inaanza. Ikisimama yenyewe, masaa manne yamekwisha, basi unaivua unavaa ya pili.

"Kumi na sita huyajui, hata mimi siyajui," akamwambia. "Lakini manne unayajua. Utakaa manne. Halafu utakaa manne mengine. Ya tano haimo humu."

Mama aliichukua ya kwanza akaigeuzageuza. "Na ikisimama kabla ya wakati?"

"Umeolewa na nani wewe?"

"Na mtu aliyekosea nusu siku miaka mitatu."

Mama akaivaa saa. Akasimama, akaenda mlangoni, akatazama nje kidogo, kisha akaufunga. Akazungusha na komeo. Duka likawa kimya, likanuka mafuta ya cherehani na vitambaa vipya, na fundi akatambua kuwa hajawahi kulijua likiwa limefungwa nao wakiwa ndani. Mkewe akarudi kwenye kiti, akasukuma kitufe.

Nusu saa ya kwanza alikuwa akitweta na vidole vimeng'ang'ania ukingo wa meza. Fundi alitaka kwenda kumshika, akakatazwa kwa kichwa, maana huko juu hatakuwepo. Mteja aligonga, akagonga tena, akaondoka akilalamika. Baadaye mama alianza kushona. Baadaye tena akaanza kusema, mwanzoni na nafsi yake, kisha na mumewe, juu ya majina, juu ya dawa ya chango, juu ya jirani aliyeazima pasi mwaka juzi. Saa iliposimama aliinua mkono akaitazama ile kubwa ya ukutani. Akaenda akafungua mlango, akavuta hewa, akageuka.

"Umezidisha dakika mbili, Fundi."

Jioni ile fundi aliisikia sauti ya sanduku likivutwa tena kutoka chini ya kitanda, naye akajifanya anasoma.

Uwanja wa ndege alimsindikiza mpaka kwenye kioo ambacho wasiosafiri hawakipiti. Mama alikuwa amevaa saa ya kwanza, tatu ziko kwenye mfuko wa kitenge aliouning'iniza shingoni. Alipofika upande wa pili aligeuka, akanyoosha mkono wenye saa ili aione, na ilikuwa bado kitufe kiko nje. Alikuwa anausubiri mlango ufungwe kwanza. Fundi alirudi kwa miguu, hakutaka kukaa kwenye kitu chochote chenye mlango.

Jumapili alikuwa dukani jua likichomoza, ingawa siku hiyo huwa hafungui. Simu ililia saa kumi na mbili asubuhi. Saa ya binti ilionyesha tano, na safari hii alijua ni tano ya usiku. Mama alikuwa ameketi kitandani kwa mtoto wake, pazia limefunguliwa, nje taa za mji. Binti alikuwa amelalia bega lake, tumbo mbele kama mlima, akicheka machozi.

Mama hakuwa na haraka. Akasimulia saa ya kwanza ilikuwa mbaya, asimdanganye mtu, alimshika mkono abiria wa pembeni mpaka mwenyewe akauomba urudi. Ya pili walizungumza na huyohuyo abiria, mama wa watu, ambaye naye alikuwa akiogopa ila hakuwa na saa. Ya tatu aliianza, akala, akajifunika blanketi. Aliamshwa na gurudumu likigusa ardhi.

"Hii ya nne kitufe sijakigusa," akasema, akaiinua mbele ya simu. "Masaa manne yangu yamebaki. Nimekuwekea wewe."

"Mimi?"

"Tulialikwa wawili, Fundi. Wewe ukija, unabakiwa na kumi na mawili tu."

Fundi Dakika alifungua kinywa aseme habari za saa za wateja, zitabaki na nani. Mkewe alikuwa akimtazama kama alivyomtazama siku ile alipoukataa mwaliko, ila sasa kutoka kilomita elfu kumi na tatu na mia nne, na alikuwa amezipita zote mwenyewe. Fundi akakifunga kinywa. Akasema ataona. Binti akacheka, mama akamwambia aende akapate chai, simu ikakatika.

Fundi akaiweka simu mezani. Kisha akatoa kipande kipya cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: BINTI, NYUMA MASAA SABA. Chini yake akaongeza: NA MAMA. Akaileta ngazi kutoka nyuma ya duka, akaiegemeza ukutani, akaitikisa mara tatu kuona kama imekaa. Hapakuwa na wa kuishika. Akapanda cha kwanza, akapanda cha pili, akasimama hapo, akipumua kwa sauti, boksi akiliuma kwa meno. Akapanda cha tatu. Kwenye cha nne mkono ulifika. Akaling'oa lile boksi la zamani, akabandika jipya, akaisikiliza saa kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu itundikwe. Ilikuwa sawasawa, hakuigusa.